Jinsi ya kutafuta X kwa kalkuleta: mwongozo kamili wa SOLVE na EQN kwa wenye fx-991

Nafundisha tuisheni jioni na kuna kitu nimekiona mara nyingi mpaka nimechoka kurudia kwa mdomo. Mtu ana Casio fx-991ES PLUS mkononi, mzazi kajibana kamnunulia, halafu yeye anaitumia kujumlisha na kutafuta sin basi. Siku ukimwonesha kwamba hiyo mashine inaweza kumtafutia X anakutazama kama umefanya kiinimacho. Wiki moja baadaye anarudi kanuna, "ticha hii kitu waongo, swali lina majibu mawili yenyewe imenipa moja." Sio uongo, ni kwamba alijifunza kubonyeza tu, hakujua ndani kunafanyika nini, kwahiyo leo naandika yote kwa urefu, vitufe pamoja na kinachoendelea nyuma yake, ukishaelewa hutakaa uulize tena kwanini imekupa jibu lile na sio lile.

Kwanza hakikisha unayo

Angalia kitufe cha CALC. Kama juu yake kuna neno SOLVE uko vizuri. fx-991 zinayo, fx-570 zinayo pia (kazi ni zile zile, tofauti kubwa ni kwamba 991 inatumia na mwanga wa jua). Kama una fx-82MS au fx-82ES, ambazo ndio zimejaa mtaani kwa sababu ya bei, hutaona SOLVE wala hutaona CALC yenyewe, hapo usihangaike kuitafuta maana haipo. Mimi nitaeleza kwa vitufe vya fx-991ES PLUS halafu mwishoni nitasema kidogo kuhusu 991MS na ClassWiz (yaani fx-991EX).

Vitufe vitatu vya kushika kichwani:

X unaipata kwa ALPHA halafu kitufe cha kufunga mabano. Alama ya sawasawa ya ndani ya ekwesheni, ile nyekundu, ni ALPHA halafu CALC. SOLVE yenyewe ni SHIFT halafu CALC.

Hapo kwenye sawasawa ndipo wengi wanapoanguka. Ile = kubwa ya chini kulia kazi yake ni "haya nipe jibu", haiandiki kitu kwenye ekwesheni. Mtu anaandika 3X+7 anabonyeza = ya chini, kalkuleta inachukua X yoyote iliyokuwa kwenye memori inampa namba, yeye anaanza kubishana nayo. Ya ndani ni nyekundu, rudia mara tatu.

Tuanze na ya kitoto

3X + 7 = 25. Najua unaijua kwa kichwa ni 6, ndio maana nimeichagua, ukianza na kitu unachojua jibu lake utaona kama mikono yako iko sawa.

Bonyeza MODE halafu 1 uwe kwenye COMP, ile modi ya hesabu za kawaida, maana SOLVE haifanyi kazi kwenye modi nyingine. Sasa andika hivi:

3 → ALPHA ) → + → 7 → ALPHA CALC → 25

Kwenye skrini isomeke 3X+7=25. Usibonyeze = ya chini. Bonyeza SHIFT CALC. Itakuandikia Solve for X, na chini yake kuna namba, labda 0, labda kitu cha ajabu kama 2.718 ulichokiacha juzi. Hiyo ni X ya zamani iliyobaki kwenye memori. Andika 1 bonyeza =. Itafikiri kidogo, halafu:

X= 6
L-R= 0

L-R ni upande wa kushoto kutoa upande wa kulia baada ya kuweka hilo jibu. Ikiwa 0 maana yake pande zimelingana. Ikiwa kitu kama 1×10⁻¹² bado ni sawa tu, ni vumbi la kukadiria desimali. Ikiwa 0.3 au 5 hapo usikopi kitu kwenye daftari, hilo sio jibu. Watu hawaiangalii L-R kabisa na ndio risiti yenyewe hiyo.

Na usipoandika alama ya = ndani ya ekwesheni, mashine inachukulia upande wa kulia ni sifuri. Kwahiyo 3X−18 peke yake ukiita SOLVE inakupa 6 vilevile.

Ile namba inayokuuliza ni ya nini

Hapa ndipo penye mambo, soma taratibu.

SOLVE inatumia njia ya Newton, ile ile Newton-Raphson ya A-level uliyoikariri bila kujua utaikuta wapi (huyo Raphson aliichapisha ya kwake mwaka 1690, kwahiyo unabonyeza kitu cha zaidi ya miaka 300). Inafanya hivi: inasimama kwenye namba uliyoipa, inaangalia hapo mchoro umeinama kiasi gani, inafuata ule mwinamo kwa mstari mnyoofu mpaka inapogusa sifuri, inasimama hapo tena inaangalia tena, inarudia mpaka namba iache kubadilika. Basi. Haijui kama kuna majibu mawili au matano. Ni kama umemtuma mtoto chumvi umemwacha kona fulani ya mtaa, ataingia duka la kwanza atakalokutana nalo na kurudi, hawezi kujua nyuma yake kulikuwa na duka jingine. Ukitaka la upande wa pili inabidi umpeleke kona ya upande wa pili.

Jaribu 2X² − 5X − 3 = 0. Andika, SHIFT CALC, anza na 5. Unapata X=3. Ita SOLVE tena, safari hii anza na 0. Unapata −0.5. Ekwesheni ile ile, majibu mawili tofauti, na yote ni sahihi. Yule mwanafunzi wangu aliyenuna tatizo lake lilikuwa hili tu.

Sasa tuone inavyoweza kupotea kabisa. Chukua swali la lensi la fizikia, f (umbali wa fokasi) ni sentimita 15, kitu kiko sentimita 20, taswira iko wapi:

1÷15 = 1÷20 + 1÷X

Jibu ni 60. Ukianza na 10 inafika. Ukianza na 100 inafika. Ukianza na 200? Nilikaa na karatasi nikaifanya hesabu ya Newton kwa mkono, kwa ekwesheni hii hatua moja inakuwa 2X − X²÷60. Weka 200: 400 − 666.67, unapata −266.67. Weka hiyo tena unapata kama −1719, inazidi kukimbilia huko hairudi tena. Ukianzia popote kati ya 0 na 120 unafika nyumbani, nje ya hapo Newton ya kawaida inapotea, ndipo unapokuja kuona Can't Solve au inakuuliza Continue: [=] ikimaanisha nimezunguka sana sijafika niendelee au vipi. Mara nyingi kuendelea hakusaidii, badilisha namba ya kuanzia.

Ila kuna ujanja mzuri zaidi ya kubahatisha: itoe X chini ya mstari kabla hujaandika. Zidisha pande zote kwa X:

X × (1÷15 − 1÷20) = 1

Hii sasa ni mstari mnyoofu, hata uanze na milioni utapata 60. Nawaambia kila siku, dakika moja ya kupanga ekwesheni vizuri inaokoa dakika tano za kugombana na mashine. Zinazoisumbua Newton ni zile zenye X chini ya mstari, X ndani ya kipeuo, e^X na sin. Sio kwamba haziwezekani ila hizo ndizo za kuchagua pa kuanzia kwa akili.

Mfano ambao sio wa shule: mkopo

Huu naupenda kuliko yote kwa sababu hapa algebra ya mkono inagoma kabisa, hakuna namna ya kuiacha X peke yake upande mmoja.

Mwaka juzi nilikopa milioni moja mahali, wakaniambia riba asilimia 20 kwa mwaka, kwahiyo unarudisha milioni moja na laki mbili, gawanya kwa miezi 12, laki moja kila mwezi. Nikasema poa. Nimeshasaini ndio usiku nimelala nikajiuliza, mbona kila mwezi deni linapungua lakini riba wameikata kwa milioni nzima kwa mwaka mzima? Mwezi wa kumi na moja mimi sina tena milioni yao, nina kama laki mbili tu. Nikaamka nikachukua kalkuleta.

Fomula ya mkopo wa marejesho sawa inasema hivi: kiasi ulichokopa ni sawa na rejesho mara (1 − (1+X)^−12) ÷ X, ambapo X ni riba ya mwezi kwa desimali. Milioni moja gawa kwa laki moja ni 10, kwahiyo:

10 = (1 − (1+X)^−12) ÷ X

Kuiandika:

10 → ALPHA CALC → ( → 1 → − → ( → 1 → + → ALPHA ) → ) → kitufe cha kipeo → −12 → mshale wa kulia → ) → ÷ → ALPHA )

Huo mshale wa kulia usiusahau. Ukishaingia kwenye kipeo kila unachoandika kinaendelea kupanda juu mpaka uutoke kwa mshale, nimeona mtu ana ekwesheni yote imeninginia kule juu kama nguo kwenye kamba halafu anashangaa Syntax ERROR.

SHIFT CALC. Namba ya kuanzia? Sio 0, maana X iko chini ya mstari utakuwa unagawa kwa sifuri. Sio 5 pia. Hapa wengi wanafikiria "riba kama asilimia 5" wanaandika 5, kumbe 5 kwa desimali ni asilimia 500 kwa mwezi, umemtupa mtoto mkoa mwingine. Anza na 0.02. Inakaa sekunde kidogo inakuja:

X= 0.0292285...

Yaani asilimia 2.92 kwa mwezi. Zidisha kwa 12 ni kama asilimia 35 kwa mwaka. Thelathini na tano, sio ishirini. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno, walihesabu riba kwenye deni la mwanzo bila kujali linavyopungua, ni njia yao na iko kwenye mkataba, mimi ndio sikuuliza. Tangu siku hiyo mtu akiniletea karatasi ya mkopo natoa kalkuleta kwanza. Wewe badilisha tu ile 10 iwe mkopo wako gawa kwa rejesho lako, na 12 iwe idadi ya miezi yako.

Rad na Deg

X = cos X. Iandike, anza na 1. Kama kalkuleta iko kwenye rediani unapata 0.7390851332. Kama iko kwenye nyuzi unapata 0.9998477415. L-R kwenye zote mbili ni sifuri, zote ni "sahihi", kwahiyo hata risiti haitakuokoa hapa. Angalia juu ya skrini kuna herufi ndogo D au R. Kubadilisha ni SHIFT MODE halafu 3 kwa nyuzi, 4 kwa rediani.

Mock ya form six nilifanya swali zima la projectile kwenye R kwa sababu jana yake nilikuwa nafanya calculus. Njia yote sahihi, majibu yote ya ajabu. Nilipewa maksi za njia, zilizobaki zilienda na bado zinaniuma.

Kwa sin na cos kumbuka pia majibu yako mengi hayaishi. sin X = 0.5 kwenye nyuzi, anza na 10 unapata 30, anza na 140 unapata 150. Usianze jirani na 90, pale mchoro wa sin umelala karibu tambarare, mstari wa Newton ukitoka hapo unaruka mbali sana na unaweza kurudi na jibu kama −210 ambalo ni kweli lakini sio uliloombwa.

Kama hujui uanzie wapi, tumia TABLE

Wengi hawaifungui hii modi kabisa. Mfano e^X = 3X. Ina majibu mangapi? Kwa macho huwezi kusema. MODE 7, kwenye f(X)= andika e^X − 3X, kila kitu upande mmoja, bonyeza =. Kama kalkuleta yako inakuuliza na g(X) iruke kwa =. Start 0, End 2, Step 0.5. Inakuja jedwali:

0 → 1
0.5 → 0.1487
1 → −0.2817
1.5 → −0.0183
2 → 1.389

Tafuta alama inapobadilika. Kati ya 0.5 na 1 imetoka chanya kwenda hasi, kuna jibu hapo. Kati ya 1.5 na 2 imerudi chanya, kuna jingine. Rudi MODE 1, SOLVE ukianza na 0.5 unapata 0.6190612867, ukianza na 2 unapata 1.512134552. Umemaliza, na sasa unajua kabisa kwamba hapo katikati hukuacha kitu cha wazi. Usiweke hatua ndogo sana kwenye masafa marefu, jedwali lina mistari 30 tu mwisho, ukizidisha inagoma.

EQN, kwa zile zenye umbo linalojulikana

Kama ekwesheni yako ni quadratic, cubic, au za pamoja za X na Y, achana na SOLVE nenda MODE 5. Huku haikuulizi pa kuanzia na inakupa majibu yote.

1 ni mbili zisizojulikana, 2 ni tatu, 3 ni quadratic, 4 ni cubic.

Chapati tatu na chai mbili ni 2,100. Chapati tano na chai moja ni 2,800. MODE 5, 1. Jaza 3 = 2 = 2100 = halafu 5 = 1 = 2800 =, bonyeza = tena: X=500, tena: Y=300. Chapati mia tano, chai mia tatu. Kama ekwesheni zako mbili ni kitu kile kile kilichozidishwa au zinapingana, itakwambia hakuna jibu au majibu hayana idadi, na modeli nyingine zinatoa Math ERROR tu bila maelezo, usidhani kalkuleta imeharibika.

Quadratic kosa ni moja tu na linarudi kila mwaka: mtu anapewa 2X² = 5X + 3 anajaza 2, 5, 3. Hapana. Kwanza zote upande mmoja ziwe sawa na sifuri, 2X² − 5X − 3 = 0, ndio unajaza 2, −5, −3. Ikikupa sehemu na wewe unataka desimali bonyeza S⇔D.

Watu wa kemia hii modi ni yenu. Asidi ya ethanoiki 0.1 M, Ka ni 1.8×10⁻⁵, tafuta pH. Vitabu vinakwambia X ni ndogo ipuuze kule chini, unapata 0.00134. Huna haja ya kupuuza kitu. X² ÷ (0.1 − X) = Ka ukiipanga inakuwa X² + 0.000018X − 0.0000018 = 0, MODE 5, 3, jaza 1, 1.8×10⁻⁵, −1.8×10⁻⁶ kwa kutumia kile kitufe cha ×10. Mzizi mmoja unatoka 0.001332671, mwingine ni hasi, mkusanyiko wa ioni hauwezi kuwa hasi kwahiyo unatupa. Chukua −log ya huo unapata 2.875. Mashine imekupa miwili, kuchagua ni kazi yako.

Ukiona i kwenye jibu, mfano X² + 2X + 5 = 0 inatoa −1+2i na −1−2i, maana yake mchoro haugusi mstari wa sifuri. Ukiipeleka hiyo kwenye SOLVE itazunguka weeee mwisho iseme Can't Solve, na ni haki yake.

Herufi nyingine zaidi ya X

Unaweza kuandika fomula nzima yenye herufi, tuseme C = AX + BX²÷2, ile ya mwendo. Herufi A mpaka F ziko kwa rangi nyekundu juu ya vitufe, unazipata kwa ALPHA. Ukiita SOLVE itakuuliza moja moja, C? A? B?, unajaza kila moja na =, mwisho inakuja Solve for X. Jiwe limetupwa kwenda chini kwa 5 m/s kutoka mita 45, g chukua 10: C 45, A 5, B 10, anza na 1, unapata sekunde 2.54. Ukianza na −5 inakupa −3.54, muda kabla hujatupa jiwe, usiuandike.

Ukitaka itafute herufi nyingine, tuseme B, weka koma mwishoni kisha hiyo herufi. Koma ni SHIFT halafu kitufe cha kufunga mabano. Isomeke C=AX+BX²÷2,B. Usipoweka hivyo na ekwesheni haina X popote inatoa Variable ERROR.

Ujumbe mwingine utakaokutana nao: Syntax ERROR umekosea kuandika, bonyeza mshale wa kushoto au kulia, kasa (kile kimstari kinachopepesa) inakupeleka pale penye kosa, usifute yote uanze upya. Math ERROR umeipa namba isiyowezekana, mara nyingi umeanza na 0 wakati X iko chini au umeanza na hasi ndani ya log. Na ndani ya SOLVE usiweke alama ya integration wala Σ, haizikubali.

Wenye 991MS na ClassWiz

MS skrini yake ni mstari mmoja kwahiyo utaona ekwesheni kipande kipande. X, = nyekundu na SOLVE ziko sehemu zile zile, ila hatua ya mwisho ni tofauti: ukibonyeza SHIFT CALC inauliza thamani za herufi zote, unajaza, halafu unarudi kwa mshale mpaka ile herufi unayoitafuta ndio unabonyeza SHIFT CALC mara ya pili. Wengi wanabonyeza = pale wanabaki wanazungushwa tu. EQN yake iko MODE mara tatu halafu 1, inakuuliza Unknowns? 2 au 3, na quadratic unaipata kwa mshale wa kulia mpaka Degree?.

MS ina mtego mbaya kwenye i. Ile X² + 2X + 5 itakuonesha −1 peke yake, na kule juu kona kuna alama ndogo R⇔I. Usipoiona unaandika X = −1 kwa kujiamini kabisa. Hiyo −1 ni nusu ya jibu, bonyeza SHIFT = uone ile nusu nyingine.

ClassWiz fx-991EX badala ya MODE ina MENU yenye picha, ekwesheni ziko kwenye A, na inapanda mpaka herufi nne na degree ya nne. SOLVE bado ni SHIFT CALC.

Mtihani je

Bongo form four Basic Mathematics kalkuleta hairuhusiwi, ni meza za hesabu, kwahiyo haya yote ni ya kuhakiki ukiwa nyumbani. A-level ndio zinaruhusiwa zisizoprogramika, na kwa miaka mingi swali la kwanza la karatasi ya kwanza ya Advanced Mathematics limekuwa la kalkuleta yenyewe, maksi za kuokota kama vidole vimezoea. Kenya KCSE wanaruhusu zisizoprogramika na zisizo na sauti. Lakini kote huko swali likisema onesha njia, X = 3 peke yake bila hatua haina maksi za njia. Mimi nawaambia fanyeni kwa mkono, halafu SOLVE muianzishe karibu na jibu lenu, ikirudi na namba ile ile na L-R sifuri geuza ukurasa.

Na kama kalkuleta umeiazima dakika za mwisho mlangoni, kabla ya chochote bonyeza SHIFT 9, 3, =, AC. Hiyo inaisafisha yote inarudi kama ilivyotoka dukani, yaani COMP, nyuzi, na X iko sifuri. Mwenyewe atagomba kidogo kwamba umemfutia vitu vyake, mpe pole.